UZI: Kijana akitakiwa na chuo kucheza kwenye mstari wa mashambulizi, mchunguzeni kwanza kocha wa mstari

Wazazi wenzangu na ndugu wote mnaofuatilia michezo ya vyuo vya Marekani, salaam.

Ninaandika kutoka Iowa, katika ukanda wa Iowa City na Cedar Rapids, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, zimejenga makazi. Watoto wetu wamekulia hapa. Baadhi yao wamerefuka na kujaa mwili kuliko sisi tuliowazaa, na wakifika sekondari tu, makocha wa futiboli ya Marekani huwaona wakiwa bado mlangoni. Kijana aliyekuja na viatu vya soka anaambiwa kwamba mahali pake ni kwenye mstari. Baada ya miaka miwili barua za vyuo zinaanza kuingia nyumbani, na mzazi ambaye hajui hata mchezo huo huanzaje anajikuta amekaa meza moja na kocha wa chuo kikuu, akitakiwa kuamua miaka minne au mitano ya maisha ya mwanawe.

Nimekaa katika mazungumzo ya namna hiyo mara tatu, nikiwatafsiria wazazi. Katika mbili za kwanza maswali yalikuwa yale yale: uwanja unachukua watu wangapi, timu ilishinda mechi ngapi mwaka jana, fedha ni kiasi gani, kocha mkuu ana jina gani mjini. Hakuna aliyeuliza habari za mtu ambaye atakuwa na kijana kila siku, atakayemfundisha namna ya kuweka mguu na mkono, na ambaye ndiye atakayeamua kama kijana huyo atacheza au ataishia kusimama pembeni hadi amalize masomo. Mtu huyo ni kocha wa mstari wa mashambulizi. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba, kwa kijana wa mstari, kocha huyo ni muhimu kuliko jina la chuo, na kwamba mafunzo yake huzaa matunda pale tu anayepanga mashambulizi ya timu anapomsikiliza. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa ufupi.

Kwa wasioufahamu mchezo: timu inayoshambulia huwa na watu 11 uwanjani. Watano kati yao, yaani senta anayesimama katikati na kuutoa mpira, gadi wawili walio kando yake, na wawili wa pembeni, kwa kawaida hawapokei pasi. Kazi yao ni mbili. Kwanza, kumfungulia njia mkimbiaji aliyebeba mpira. Pili, kumkinga kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi wa timu, anapotafuta mtu wa kumrushia. Katika vyuo vikubwa wengi wao wana kilo 135 hadi 150, na mara nyingi mpinzani aliye mbele yao ni mwepesi na mwenye kasi kuliko wao. Anapomkinga kwotabeki, mtu wa mstari hurudi kinyumenyume huku akimzuia mtu anayemjia kwa kasi yote, kitendo ambacho mwili wa binadamu haujazoea kukifanya tangu utotoni. Ndiyo maana vijana wengi wa miaka 18 hawako tayari, hata wakiwa wakubwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza ya mtu wa mstari ni fupi sana, na mguu wa pili lazima uwe umegusa ardhi kabla hajagongana na mpinzani, kwa sababu anayegongana akiwa na mguu mmoja hewani husukumwa hata na mtu mdogo kuliko yeye. Nyonga hukaa chini. Mikono huingia kwenye kifua cha mpinzani, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Mikono ikitawanyika nje ya mabega, mwamuzi anaweza kuhesabu kwamba amemshika mpinzani, na timu ikarudishwa nyuma yadi 10. Hayo yote hufanyika kabla hujamaliza kupumua mara moja, na hufanywa na watu watano kwa pamoja. Wanne wakipatia na mmoja akakosea, mchezo umeharibika kwa wote watano. Wale mliocheza raga mtakumbuka jinsi skramu inavyovunjika pale mmoja wa mstari wa mbele anapoinua mgongo. Hapa ni hivyo hivyo, isipokuwa hapa hurudiwa mara 60 au 70 katika mechi moja.

Muda wa kuyafundisha hayo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huruhusu saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, na humo mna mazoezi ya uwanjani, vyuma na vikao vya kutazama video. Msimu wa machipuko kuna mazoezi 15 tu. Kocha asiyejua kuzitumia saa hizo humpotezea kijana mwaka mzima pasipo mtu wa nje kutambua.

Sasa nieleze kwa nini ninaishi karibu na mfano mzuri wa jambo hili. Kirk Ferentz, kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Iowa tangu 1999, alicheza akiwa kijana wa sekondari huko Upper St. Clair, Pennsylvania, chini ya kocha aliyeitwa Joe Moore. Mwaka 1980 akawa msaidizi kijana katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambako Moore alikuwa kocha wa mstari. Mstari wa Pittsburgh wa mwaka huo ulikuwa na Mark May, aliyeshinda tuzo ya Outland (ya mtu wa mstari bora wa vyuo nchini), Russ Grimm na Jimbo Covert. Wawili hao wa mwisho wamo katika Jumba la Heshima la futiboli ya kulipwa. Mwaka uliofuata Ferentz alikuja Iowa kufundisha mstari chini ya Hayden Fry, kocha mkuu wa wakati huo, akakaa hadi 1989, akaongoza timu ya chuo cha Maine, akafundisha mstari katika ligi ya kulipwa ya NFL, kisha akarudi hapa akiwa kocha mkuu. Leo kuna tuzo iitwayo Joe Moore, iliyoanza kutolewa 2015, ambayo haipewi mchezaji mmoja bali mstari mzima. Iowa iliishinda 2016. Ninaitaja nasaba hii ili mwone kwamba kufundisha mstari ni ufundi unaorithishwa, kama ule wa mafundi wa majahazi: mwanafunzi hukaa na mwalimu miaka, akitazama mikono yake.

Tazameni vijana waliopita hapa. Robert Gallery alikuja akiwa taitiendi, yaani yule anayesimama mwisho wa mstari na ambaye kazi yake ni nusu kuzuia na nusu kupokea. Alibadilishwa akawa mtu wa pembeni, akashinda Outland 2003, na 2004 akachaguliwa wa pili katika drafti nzima ya NFL, yaani zamu ya timu za ligi hiyo kuchagua wachezaji wapya. Eric Steinbach, aliyecheza naye katika timu ya 2002 iliyoshinda mechi zake zote 8 za ligi ya Big Ten, naye alikuja akiwa taitiendi. Senta wa timu hiyo, Bruce Nelson, alijiunga bila ufadhili wa masomo. Brandon Scherff, kijana wa mji mdogo wa Denison, aliwahi kucheza tenisi na hata nafasi ya kwotabeki akiwa sekondari. Alishinda Outland 2014. Marshal Yanda alipita kwanza chuo cha jamii cha miaka miwili, akachaguliwa katika raundi ya tatu mwaka 2007, na akaja kuwa miongoni mwa gadi bora wa kizazi chake.

Mifano miwili ya karibu ndiyo ninayoipenda zaidi. Tristan Wirfs wa Mount Vernon, mji ulio jirani na Cedar Rapids, alikuwa mwanamieleka na mrusha kisahani. Alipunguza uzito ili afikie kiwango cha kilo 129 cha mieleka, akawa bingwa wa jimbo, na miezi michache baadaye alikuwa chuoni. Msimu huo huo wa 2017 alianza mechi akiwa mtu wa pembeni, jambo ambalo Ferentz hakuwahi kumruhusu kijana wa mwaka wa kwanza kulifanya. Tyler Linderbaum wa Solon, mji mwingine wa hapa hapa, naye mwanamieleka, alisajiliwa acheze upande wa ulinzi. Mwishoni mwa 2018 makocha wakamhamishia kwenye nafasi ya senta. Msimu uliofuata alianza mechi zote, na 2021 akashinda tuzo ya Rimington ya senta bora nchini.

Angalieni kwamba walimu hawa hawakununua watu waliokwisha kukamilika. Waliona mwili na tabia ambavyo wengine hawakuviona. Mieleka humfundisha kijana kukaa chini, kuhisi uzito wa mwenzake unaelemea upande gani, na kuvumilia maumivu akiwa peke yake mbele ya umati. Mambo hayo hayaonekani katika orodha za nyota zinazochapishwa na tovuti za usajili. Kwa hiyo ninyi wenye vijana wanaopenda mieleka, judo au hata mpira wa kikapu, msiwaambie waache ili wajaze mwili; mwili utajazwa chuoni kwa utaratibu, lakini wepesi wa miguu uliopotea katika umri wa miaka 16 ni vigumu kuurudisha.

Huu mfumo ambao Iowa imeutumia kwa miaka mingi huitwa kuzuia kwa ukanda. Kuna mitindo ambayo kila mtu wa mstari hupewa mtu wake wa kumwondoa. Katika aina yake iitwayo ukanda wa nje, wote watano hupiga hatua kwa pamoja kuelekea upande mmoja, na kila mmoja hulinda eneo, si mtu. Walio jirani wawili humkabili mlinzi mmoja kwa pamoja. Wakishamdhibiti, mmoja humwacha mwenzake na kupanda hadi safu ya pili ya walinzi. Ni nani atakayepanda huamuliwa na mlinzi mwenyewe, kulingana na upande anaoelekea, na wawili hao hawana nafasi ya kuzungumza. Mkimbiaji naye husubiri hatua kadhaa akisoma: akatize kwa nje, apite palepale, au arudi ndani. Mtindo huu hauhitaji watu wazito kuliko wote. Unahitaji watu wanaojuana. Gadi anapaswa kujua, kwa kugusa bega tu, kwamba senta ameshamchukua yule mtu. Ujuzi huo huja kwa kurudia pamoja mara maelfu, na hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisisitize uvumilivu.

Kutokana na hapo ndipo huzaliwa pasi. Walinzi wote wanapokimbilia upande ule ule ambao mstari umeelekea, kwotabeki hujifanya amempa mkimbiaji mpira, kisha hugeuka na kutokea upande wa pili akiwa peke yake. Udanganyifu huo hufaulu iwapo tu walinzi wanaogopa mbio. Kwa hiyo mratibu wa mashambulizi, yule anayechagua mchezo, yaani mpango wa kila mara mpira unapotolewa, hujenga juu ya kile ambacho watu watano wa mstari wanakiweza, na asipokijua hujenga hewani.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu timu ninayoipenda. Mwaka 2023 Iowa ilishinda mechi 10, lakini ilipata wastani wa pointi 15.4 tu kwa mechi, na kwa yadi ilikuwa ya mwisho miongoni mwa timu zote za daraja la juu nchini. Mratibu alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu, ambaye mkataba wake ulikuwa umeandikwa upya kwa sharti la kufikia wastani wa pointi 25. Ni haki kukumbuka kwamba kwotabeki wa kwanza aliumia katika mechi ya tano. Ni haki pia kukumbuka kwamba Brian huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha wa mstari ulioshinda tuzo ya Joe Moore 2016. Kwa maoni yangu somo ni wazi: kulea mstari na kupanga mashambulizi ni kazi mbili tofauti, na aliye hodari katika moja si lazima awe hodari katika nyingine. Walinzi wa timu pinzani walikuwa wakijazana mbele kwa sababu hawakuwa na lingine la kuogopa, na hata mstari mzuri haumudu kuzuia watu wanane kwa watano. Mwaka 2024 aliletwa mratibu mwingine, Tim Lester. Aliuacha msingi wa ukanda ulivyo, akaongeza wachezaji wanaotembea na kubadilisha nafasi kabla ya mpira kutolewa, ili walinzi wachelewe kujua mchezo unaelekea wapi. Mwaka huo mkimbiaji Kaleb Johnson alipata yadi 1,537 na kufunga mara 21 kwa kukimbia. Wengi wa watu wa mstari walikuwa wale wale.

Mfano wa pili ni Michigan ya 2023, ambako kocha wa mstari na mratibu wa mashambulizi alikuwa mtu mmoja, Sherrone Moore. Tarehe 11 Novemba, kocha mkuu akiwa amesimamishwa, Moore aliongoza timu ugenini dhidi ya Penn State. Kuanzia wakati fulani katika nusu ya kwanza, Michigan ilikimbia na mpira mara 32 mfululizo. Kwotabeki hakurusha hata pasi moja iliyohesabiwa katika nusu yote ya pili. Walishinda 24 kwa 15. Aliyepanga michezo ile alijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliwafundisha, kwamba vijana wake watano walikuwa wakiwachosha wenzao kidogo kidogo. Wiki mbili baadaye, dhidi ya Ohio State, gadi Zak Zinter alivunjika mguu. Gadi mpya alikuwa Karsen Barnhart, aliyehamishwa kutoka pembeni, na nafasi yake ikachukuliwa na Trente Jones aliyekuwa akisubiri. Katika mchezo uliofuata wa mechi hiyo hiyo, mkimbiaji Blake Corum alikimbia yadi 22 hadi akafunga. Mimi huwaonesha vijana video hiyo mara kwa mara. Watazame jinsi mtu wa sita alivyokuwa tayari siku ambayo hakuna aliyejua kwamba angehitajika.

Nyongeza ya kwanza: kuhusu uhamisho na fedha

Ndugu mmoja hapa chini ameuliza kama uvumilivu ninaousema bado una maana, ikiwa siku hizi kijana anaweza kuhama chuo kila mwaka na kulipwa. Swali hili ni zito, na nimelifikiria kabla ya kulijibu.

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Mfumo wa kusajili majina ya wanaotaka kuhama ulianza 2018. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kulazimika kukaa nje msimu mzima. Julai mwaka huo huo wakaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na picha zao. Na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji. Sipingi vijana kulipwa. Wanaotoa miili yao wana haki ya kupata sehemu ya fedha wanazoziingiza, na familia zetu zinazihitaji.

Hata hivyo mtu wa mstari hubadilika polepole kuliko mpokeaji wa pasi. Mpokeaji mwenye kasi akihamia chuo kipya Januari, Septemba anaweza kung'ara. Mstari uliokusanywa kwa miezi michache hauna lugha ya pamoja. Colorado ya 2023 ilijengwa upya kwa makumi ya wachezaji waliohamia, na kwotabeki wake, Shedeur Sanders, aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 52 katika msimu mmoja. Alikuwa mrushaji mwenye kipaji kikubwa, na inasikitisha kutazama mechi zile.

Ndugu huyo amemtaja Olusegun Oluwatimi, aliyehamia Michigan na mwaka huo huo wa 2022 akashinda Outland na Rimington kwa pamoja. Amemtaja kwa haki. Lakini tazameni njia yake: alianza chuo cha jeshi la anga, akahamia Virginia bila ufadhili, akakaa huko miaka akijifunza na kuanza mechi nyingi, ndipo akaenda Michigan akiwa mtu mzima. Aliingia katika mstari ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umeshinda tuzo ya Joe Moore na ulikuwa na kocha yule yule. Alihama mara mbili, na bado hakuruka hatua yoyote ya malezi.

Na kuna Army, chuo cha jeshi cha West Point. Anayejiunga pale huanzia mwaka wa kwanza hata kama alikuwa chuo kingine, na akihitimu anadaiwa miaka ya utumishi jeshini, kwa hiyo timu haiwezi kununua mstari sokoni. Mwaka 2024 ilishinda mechi 12, ikatwaa ubingwa wa ligi yake katika msimu wake wa kwanza ndani ya ligi hiyo, ikaongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia, na mstari wake ukapewa tuzo ya Joe Moore. Vijana wale walikuwa wamelelewa pamoja.

Ushauri wangu si kwamba kijana asihame kamwe. Kocha wa mstari akiondoka, au kijana akigundua kwamba hafundishwi chochote, ahame. Asihame kwa sababu tu amekaa mwaka mmoja bila kucheza. Kanuni humpa miaka mitano ya kucheza misimu minne, na mwaka ule wa kukaa nje, ambao anaruhusiwa kucheza hadi mechi nne bila kuupoteza, kwa mtu wa mstari ndio mwaka wa kujenga mwili na kujifunza kusoma walinzi.

Nyongeza ya pili: kuhusu mwili na hatari zake

Mama mmoja ameandika kwamba anaogopa. Mama, hofu yako ni ya haki, na kocha yeyote atakayekucheka kwa ajili yake hafai kupewa mtoto.

Mei 2018 kijana wa miaka 19 aitwaye Jordan McNair, mtu wa mstari wa mashambulizi katika Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto wakati wa mazoezi ya kukimbia. Hakutumbukizwa kwenye maji baridi, ambayo ndiyo tiba ya kwanza na ya haraka kwa mtu aliyepatwa na kiharusi cha joto. Alifariki tarehe 13 Juni. Chuo chenyewe kilikubali wajibu, na kabla mwaka haujaisha kocha mkuu alifukuzwa. Watu wazito hupata joto haraka na hulipoteza polepole. Kwa hiyo vijana wa mstari ndio walio hatarini zaidi Agosti inapofika.

Sitaificha Iowa pia. Januari 2011 wachezaji 13 wa hapa walilazwa hospitali baada ya mazoezi makali ya miguu kuwaharibu misuli kiasi cha kutishia figo. Mwaka 2020 wachezaji wa zamani, wengi wao weusi, walijitokeza hadharani wakaeleza kwamba walidhalilishwa na kutakiwa kuacha utu wao mlangoni, na kocha wa mazoezi ya vyuma akaondoka. Nilisoma maelezo yao yote. Sisi wenye watoto weusi katika jimbo hili hatuwezi kuuchukua ufundi wa kufundisha miguu na mikono tukaacha kuuliza jinsi mtoto anavyosemeshwa kila siku.

Kuhusu uzito, jambo la kupima ni mwendo wake. Kijana anayeingia na kilo 115 anaweza kufikishwa 135 kwa miaka miwili au mitatu, akila chakula kinachopangwa na mtaalamu, huku kasi yake ya miguu ikipimwa mara kwa mara. Anayeambiwa aongeze kilo 20 kati ya Januari na Agosti anajazwa mafuta, na magoti yake ndiyo yatakayolipa. Ulizeni pia kuhusu siku ya kuacha mchezo. Joe Thomas wa Wisconsin, mtu wa mstari aliyecheza michezo 10,363 mfululizo (si mechi, bali kila mara mpira unapotolewa) katika NFL bila kutoka uwanjani, alipunguza uzito mwingi baada ya kustaafu, na ameeleza hadharani kwamba kula kwa ajili ya uzito ule ilikuwa kazi kamili peke yake. Chuo kizuri humsaidia kijana kupunguza mwili anapoaga, hata kama hakuwahi kucheza.

Nyongeza ya tatu: kuhusu siku ya kutembelea chuo

Wengi wameomba maswali ya kuuliza. Nitaeleza jinsi ninavyofanya sasa.

Ninaomba tutazame mazoezi yenyewe, na ninawaacha wengine watazame mpira. Mimi humtazama kocha wa mstari. Ninataka kuona kama anamsahihisha kijana wa safu ya tatu kwa maneno yanayoeleweka, au anapaza sauti tu. "Mguu wako wa kushoto umevuka" ni mafundisho, "Amka!" si mafundisho. Ninatazama kama safu ya pili inafanya mazoezi ya kutosha, au inasimama ikipasha misuli hadi jioni. Ninaangalia kama lile tanki la maji ya barafu lipo kando ya uwanja, limejaa, na siyo kwenye picha ya ukutani.

Kisha tukikaa ofisini, ninauliza ni wangapi kati ya watano wanaoanza sasa walikuja hapa wakiwa na miaka 18, na wale ambao hawakuanza wako wapi. Ninauliza kocha amekaa hapo kwa muda gani, na kama mratibu akiondoka, mfumo utabaki au utabadilishwa wote. Ninauliza ni nani hupanga michezo ya kukimbia ya wiki, na yeye anahusishwa siku gani. Kocha ambaye hukabidhiwa mpango Jumatano uliokwisha kukamilika ataniambia kwa uso wake kabla ya mdomo. Ninauliza kama timu inacheza zaidi michezo ile ambayo kwotabeki huchagua kupasi au kukimbia baada ya mpira kutolewa. Hiyo ni mizuri kwa kufunga, kwa sababu kanuni za vyuo huruhusu mtu wa mstari kusogea hadi yadi tatu mbele hata pasi ikirushwa, lakini mtu wa mstari huzuia kana kwamba ni mbio kila mara, na anaweza kumaliza chuo bila kujifunza vizuri kumkinga kwotabeki anaporudi nyuma kupasi. Mwenye ndoto za NFL anapaswa kulijua hilo mapema.

Swali lililo bora kuliko yangu yote liliulizwa na mama wa kijana wa tatu, yule niliyemtafsiria mwaka jana. Alikaa kimya karibu saa nzima huku kocha akieleza habari za majengo na chakula. Kisha akaniambia, "Mwambie anioneshe mtoto wa mwenzangu, siku alipokuja na jinsi alivyo leo." Nilitafsiri hivyo hivyo. Kocha wa mstari alinyamaza kidogo, akafungua kompyuta, akatuonesha kijana mmoja akianguka kwenye mazoezi ya mwaka wake wa kwanza, miguu imepishana. Halafu mwaka wa pili, amesimama lakini mikono iko nje. Halafu mwaka wa nne, akimsindikiza mlinzi hadi nje ya picha. Alikuwa na video za vijana wengine wanane, kila mmoja katika jalada lake, na wawili kati yao hawakuwahi kuanza mechi hata moja. Alieleza makosa ya hao wawili kwa umakini ule ule.

Mama alisaini wiki ile. Mwanawe sasa yuko katika mwaka wake wa kukaa nje. Ameongeza kilo 9, hajacheza mechi, na kila Jumapili kocha humtumia video ya miguu yake.